Mkimbiaji Naye Huugua Presha

Katika mji wetu wa Mwanza, na katika miji yote iliyo ukingoni mwa Ziwa Viktoria toka Bukoba hata Musoma, watu wengi huamini ya kuwa presha ni ugonjwa wa mtu mnene. Tukisema mnene twakusudia yule mwenye gari, mwenye kiti cha kuzunguka ofisini, mwenye kula nyama choma kila jioni na kupanda ngazi akihema. Mtu mwembamba aamkaye alfajiri akakimbia toka Kirumba hata Igoma na kurudi kabla jua halijawa kali, huyo husemwa kuwa hana ubia na presha. Hayo ndiyo maneno ya barazani, na kwa bahati mbaya ndiyo maneno ya matangazo mengi ya afya pia, ambayo humwambia mwananchi afanye mazoezi, kisha yakanyamaza.

Lakini wako watu, wala si wachache, walioanza kukimbia walipokuwa watoto wa shule, wakakimbia jeshini, wakakimbia katika mashindano ya mikoa, na sasa wana miaka 50 au 60 na wangali wakikimbia. Siku moja mtu wa namna hiyo hupita mbele ya meza ya wapimaji, labda kwa kumsindikiza mkewe hospitali, naye akaambiwa aketi apimwe. Mkanda ukifunguliwa mkononi husikia: 165 kwa 100. Haamini. Ataka apimwe tena, na akipimwa tena ni yale yale. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo leo twataka kulizungumza na wasomaji wetu kwa urefu kidogo: nimekosa nini?

Swali hilo si dogo, maana mtu huyo hujiona kama mlipa kodi aliyelipa miaka 40 bila kuruka hata mwaka mmoja, stakabadhi zote anazo sandukuni, na sasa askari wa kodi amegonga mlango. Wako wanaokasirika wakakitupa kidonge na kusema mashine imeharibika. Wako wanaoongeza mwendo: aliyekuwa akikimbia maili 6 sasa akimbia 12, akidhani kwamba ugonjwa umeingia kwa uvivu wake. Wengine huviacha viatu kabisa, wakisema kama mbio hazikuwafaa, za nini tena? Na wako wanaomwendea mganga wa kienyeji ili kumtafuta jirani mwenye kijicho. Njia zote hizo nne ni mbaya, na ya kwanza ndiyo huua upesi zaidi. Utafiti uliochapwa mwaka 2013, uliofuatilia kwa miaka 3 wagonjwa waliolazwa katika hospitali kubwa ya Bugando hapa Mwanza, ulionyesha ya kuwa maradhi yatokanayo na presha, kama kiharusi, moyo kushindwa kazi na figo kuharibika, yalikuwa ya pili kwa kuua watu wazima, yakitanguliwa na UKIMWI tu. Hao hawakuwa matajiri wa Capri Point peke yao.

Mwambao wa ziwa letu una historia yake katika jambo hili, nayo yafaa ikumbukwe. Chombo cha kupimia damu, ule mkanda wa mpira uzungushwao mkononi, kilitengenezwa na Mtaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kusikiliza mshipa chini ya mkanda huo. Haikupita miaka 25 chombo kikafika kwetu. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi katika Kavirondo ya Kusini, ng'ambo ya Kenya, alichapisha habari katika gazeti la madaktari la London liitwalo Lancet. Alikuwa amewapima Waafrika 1,000 hivi wenye afya, akaona ya kuwa msukumo wa damu yao haukupanda kwa umri kama upandavyo kwa Wazungu. Baada ya miaka 40 ulielekea kushuka.

Habari hiyo ilifasiriwa vibaya na wengi kwa muda mrefu. Ilisemekana kwamba Mwafrika kwa maumbile yake hana presha, kana kwamba ni suala la rangi. Kumbe jibu lilikuwa lingali likingoja kando ya ziwa lile lile. Mwaka 1990 madaktari wa Kenya na Uingereza walichapisha utafiti juu ya vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini mwao kwenye pwani ya kaskazini ya ziwa wakaenda Nairobi kutafuta kazi. Walipimwa baada ya kufika mjini, wakafuatwa hata kufikia miaka 2, na wenzao waliobaki nyumbani walipimwa pia. Damu ya waliohama ilipanda kuliko ya waliobaki, tena haikungoja uzee, ilipanda katika miezi ya mwanzo. Mapigo ya moyo wao yalikuwa ya kasi zaidi, uzito wao ulizidi kidogo, na mkojo wao ulipopimwa ulikuwa na chumvi nyingi zaidi ukilinganishwa na ile madini ya potasiamu ambayo hutoka katika mboga, matunda na viazi. Hawa walikuwa vijana wembamba wenye nguvu. Kilichobadilika kwanza kilikuwa sahani yao, na pengine utulivu wa nyoyo zao.

Twamwomba mkimbiaji wetu aifikirie habari hiyo. Yeye aliondoka kijijini ana miaka 18 au 20, akaingia jeshini, kiwandani au ofisini. Miguu yake ilibaki ya kijijini, maana hakuacha kukimbia. Lakini chakula chake kiligeuka kuwa cha mjini. Aliacha michembe na matobolwa, aliacha mlenda na mboga za majani zilizopikwa kwa karanga, akashika mkate, chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mezani, supu ya asubuhi yenye vikolezo vya pakiti, na sangara wa kukaushwa kwa chumvi aitwaye kayabo, ambaye magunia yake huvuka mpaka hata Kongo. Kisha rafiki yake wa mazoezi humwambia ya kuwa mwenye kutoka jasho hana budi kuongeza chumvi. Neno hilo lina ukweli kwa mtu atokaye jasho saa nyingi juani. Kwa mtu akimbiaye saa moja asubuhi, chakula chake cha kawaida chatosha na kuzidi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja.

Hata hivyo tusidhani ya kuwa kijiji peke yake ni ngome. Utafiti mwingine, uliochapwa mwaka 2000, ulilinganisha Ilala ya Dar es Salaam na kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro. Pande zote mbili, katika kila watu wazima 10 watatu hivi walikuwa na presha iliyofika 140 kwa 90 au zaidi, na kijiji hakikuwa nyuma ya mji. Wakulima wale hawakukosa mazoezi, kwa maana jembe ni mazoezi, na mteremko wa Kilimanjaro ni mazoezi pia. Lakini katika wenye ugonjwa, aliyejijua kuwa nao hakufika mmoja katika watano, na ambaye damu yake ilikuwa imetulizwa kwa dawa hakufika hata mmoja katika mia.

Basi mbio zina kazi gani? Hapa ndipo tunapoona matangazo yanawadanganya watu kwa kutosema kipimo. Mazoezi ya kudumu humshushia mwenye presha kiasi cha milimita 5 hata 8 za zebaki katika ile namba ya juu. Ni faida kubwa kwa taifa zima, na ni faida kwa mtu mmoja mmoja, lakini ina mpaka wake. Kama urithi wa baba na mama, na umri, na chumvi, vimempandisha mtu kwa milimita 35, mbio zitamrudishia 8, na 27 zitabaki. Mkimbiaji aliyeambiwa 165 pengine angekuwa na 173 kama angalikaa kitako maisha yake yote, na labda angaliipata miaka 15 mapema. Tabu ni kwamba ndugu yake yule wa pili, asiyekimbia, hayupo wa kumtazama. Mtu huona ugonjwa alioupata. Ule alioepushwa haumwonyeshi uso.

Dunia ilikwisha kulipa gharama ya imani hiyo. Katika miaka ya 1970 daktari mmoja wa California, Thomas Bassler, alieneza habari ya kuwa mtu aliyemaliza mbio za marathoni hawezi kuzibwa mishipa ya moyo. Mwaka 1979 Tim Noakes na wenzake wa Afrika ya Kusini wakaonyesha maiti za wakimbiaji wa marathoni ambazo mishipa yake ilikuwa imezibwa. Na mwaka 1984 Mmarekani Jim Fixx, ambaye kitabu chake cha mwaka 1977 kiliwatoa maelfu ya watu barabarani kukimbia, alianguka akafa akiwa mbioni katika jimbo la Vermont. Alikuwa na miaka 52. Ugonjwa wake ulikuwa wa mishipa ya moyo, na baba yake alikuwa amekufa kwa moyo akiwa na miaka 43. Urithi hauogopi viatu.

Sisi ni taifa la watu wa mwendo. Wapagazi wa Unyamwezi na Usukuma walibeba mizigo hata Bagamoyo kabla ya reli. Wapiga kasia wa Ukerewe walivuka ziwa hili kabla ya meli. John Stephen Akhwari alimaliza mbio za Mexico mwaka 1968 akichechemea. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, kando ya ziwa letu hili, alileta medali ya fedha toka Moscow mwaka 1980. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989. Na Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025. Hatusemi neno lolote juu ya afya ya hao. Twawataja kwa sababu kila mmoja wao ana wafuasi mia wasiojulikana, waliokimbia vile vile bila medali, nao ndio tunaowasemea leo.

Sasa tuje kwenye mambo ambayo mtu huyo yampasa kuyafanya, na la kwanza ni kuhakikisha kwamba namba ile ni ya kweli. Hospitali ya Bugando iko juu ya kilima. Mtu aliyekipanda kwa miguu akaketi na kufungwa mkanda papo hapo atapimwa kilima pamoja na damu. Apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kimekwisha kukojolewa, wala asizungumze. Apimwe mara 2 au 3, na siku nyingine tena, kwa maana wengine damu yao hupanda kwa kumwona mtu mwenye koti jeupe. Tena uko udhia ambao wapimaji wengi hawauangalii: mkanda. Mvuvi au mpiga kasia mwenye mkono mnene wa misuli akifungwa mkanda mwembamba, namba hupanda kwa uongo. Kwa hiyo lazima uwepo mkanda mpana. Na wako wenye kisa kinyume cha hicho, ambao hospitali damu yao ni njema na nyumbani yapanda. Hao hupatikana tu kwa kupimwa nyumbani, au kwa chombo kivaliwacho mchana na usiku.

Ikiwa namba ni ya kweli, katika watu 100 wenye presha 90 au zaidi hawataonyeshwa sababu moja. Madaktari huiita presha ya asili, na jina hilo laficha mengi: mishipa iliyokakamaa kwa umri, figo zinazoshika chumvi kuliko inavyotakiwa, urithi wa vitu vidogo vidogo vingi. Lakini kabla ya kufika hapo, mtu mwembamba aliyefanya mazoezi maisha yake yote ana haki ya kutafutiwa sababu kuliko mwingine yeyote, na daktari amwambiaye "ni umri tu" bila kumpima mkojo amefanya kazi nusu.

Sababu iliyo karibu zaidi mara nyingi imo mfukoni mwa mkimbiaji mwenyewe. Magoti humwuma, na kila duka la dawa toka Mabatini hata Nyakato litamwuzia ibuprofeni au diklofenaki bila karatasi. Dawa hizo hushika chumvi na maji mwilini, hubana mishipa ya figo, hupandisha damu, na huzipunguza nguvu baadhi ya dawa za presha zenyewe. Mtu azimezaye kila siku kwa miaka asitafute mchawi mbali. Pombe nayo ni vivyo hivyo. Wako wanariadha wanaodhani ya kuwa maili 10 za asubuhi zahalalisha chupa 5 za jioni.

Kisha ziko sababu zilizojificha. Mwaka 1955 Jerome Conn wa Marekani alieleza ugonjwa wa tezi ndogo iliyo juu ya figo, ambayo hutoa homoni kupita kiasi, nayo homoni hiyo hushika chumvi na kuitupa potasiamu. Mwenye nao huweza kulegea misuli na kukamatwa na mkakamao wa miguu, naye kwa kuwa ni mkimbiaji hudhani ni uchovu wa mazoezi tu. Uko pia mshipa wa figo uliobanwa; uko mshipa mkubwa wa moyo uliozaliwa na kibano, ambao hujulikana kwa kulinganisha damu ya mkono na ya mguu; iko tezi ya shingo; na kuko kukoroma na kukatika pumzi usingizini, ambako hakumchagui mnene peke yake.

Na kwetu Usukumani kuna kichocho. Hapa twaomba wasomaji wasichanganye mambo mawili. Kichocho cha ziwani ni kile cha matumbo. Mayai yake hukaa katika ini na kupandisha msukumo wa mshipa uingiao inini, hata mgonjwa akatapika damu. Msukumo huo hauonekani kwa mkanda wa mkononi, nao si presha tunayoizungumza. Lakini kichocho cha mkojo, cha madimbwi na mashamba ya mpunga, huweza kuacha makovu katika njia za mkojo, mkojo ukarudi nyuma, figo zikaharibika. Na figo iliyoharibika hupandisha damu ya mwili wote. Prazikwanteli huua minyoo, lakini kovu la zamani haiwezi kulifuta. Basi mkimbiaji wa miaka 55 ambaye utotoni alikojoa damu, na wenzake wakaliona kuwa ni jambo la kawaida la wavulana, ana neno la kumwambia daktari ambalo pengine hajapata kulisema kwa mtu.

Moyo wenyewe huleta utata. Mwanariadha wa miaka mingi huwa na moyo mpana upigao polepole, pengine mara 45 kwa dakika. Presha nayo hunenepesha kuta za moyo. Aisomaye picha ya moyo asipojua ya kuwa mbele yake yuko mkimbiaji, aweza kuona ugonjwa mahali usipokuwapo. Na akijua sana, aweza kuuita ugonjwa wa kweli kuwa ni moyo wa mwanamichezo. Yampasa mgonjwa aseme mwenyewe, bila haya wala majivuno, amekimbia miaka mingapi.

Na dawa je? Hofu ya wengi ni kwamba kidonge kitawaibia miguu. Hofu hiyo ina msingi katika aina moja: dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kama propranololi na atenololi, humfanya mkimbiaji ajione amefungwa jiwe, naye mwenye mapigo 45 hazimfai ila kwa sababu maalumu. Dawa za kukojoza ni njema na rahisi, lakini humpotezea maji na potasiamu mtu wa jasho, tena zimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa mashindanoni. Amlodipini haina mambo hayo. Udhia wake ni miguu kuvimba kwa baadhi ya watu. Utafiti uliofanywa kwa Waafrika wa nchi 6, Kenya na Uganda zikiwamo, ukachapwa mwaka 2019, ulionyesha ya kuwa amlodipini ikifungamanishwa na dawa ya pili huishusha damu vizuri. Kwa wanariadha wengi kidonge cha namna hiyo hakiondoi hata dakika moja katika saa yao. Mwenye 180 kwa 110 asiingie mashindanoni mpaka ametulizwa. Mwenye damu iliyotulizwa na akimbie.

Kila mwaka Mwanza huwa na mbio za Rock City Marathon, na ziwani huwa na mashindano ya mitumbwi, na mahali pote hapo hukosi hema la vinywaji na hema la fulana. Twawaomba waandalizi waongeze hema la tatu, lenye kiti chenye egemeo, meza, na mpimaji asiye na haraka, tena lifunguliwe tangu siku ya kuchukua namba, wakati watu hawajatoka jasho. Mikanda iwe miwili, na ule mpana usisahauliwe, kwa ajili ya wapiga kasia.